Mwenye Kisa Ni Nani?



Watoto wetu wanaosoma skuli hufundishwa kwamba kila hadithi ina mhusika mkuu. Vijana wa vibanda vya video wana neno lao, humwita "stelingi", na wameshapitisha sharia kwamba stelingi hafi. Akifa, picha hiyo ni mbovu na mwenye kibanda arudishe fedha za watu. Sisi wa barazani tulikuwa tukisema "mwenye kisa". Mimi nalipenda zaidi neno hili la tatu, kwa sababu ndani yake mna suala. Kisa ni cha nani? Ni cha aliyetenda, cha aliyetendewa, au cha anayesimulia?

Mtu asidhani suala hili ni la wanafunzi wa fasihi peke yao. Linaingia majumbani mwetu, linakaa nasi mkekani, na mara nyingine linagawa mirathi, kama nitakavyoeleza huko mbele Inshaallah.

Mimi nimezaliwa Pangani. Mwaka 1983 mjomba wangu alinichukua hadi Iringa kusomesha chuo, nikakaa huko miaka kumi na minne na kuizoea baridi yake, kisha nikahamia Mbeya ambako nipo hadi leo. Kazi ya mwalimu wa chuo, kama mjuavyo, si alifu na be tu. Baada ya Magharibi watoto hutaka kisa, na mwalimu asiye na kisa hupoteza wanafunzi wake siku za mvua. Na mtu akisimulia visa miaka arubaini mbele ya watoto wa makabila mbalimbali, hujua mambo ambayo hayamo vitabuni.

La kwanza ni hili. Watu wengi hudhani mwenye kisa lazima awe mtu mwema. Sivyo. Abunuwasi ni mwongo na mdanganyifu, lakini kila mtoto wa pwani yuko upande wake, na sultani akitiwa kapuni sote tunacheka. Sungura naye ni mwizi wa mashamba ya watu. Wala si yule anayetajwa mara nyingi zaidi. Firauni ametajwa katika Kurani mara nyingi sana, na hakuna msikilizaji anayekaa upande wake. Basi mwenye kisa ni yule ambaye msimulizi ametukalisha ndani ya kifua chake. Akikimbia yeye, pumzi zinatukata sisi. Akiona njaa, sisi ndio tunaotazama sufuria. Na wale wengine wote waliomo katika kisa tunawaona kwa macho yake yeye: huyu anamsaidia, huyu anamzuia, huyu ni mpita njia tu.

Hapo ndipo penye faida ya visa, na hapo hapo ndipo penye hatari yake.

Chukueni sura ya Yusuf. Nimeisomesha mara nisizoweza kuzihesabu. Kila ninapowauliza wanafunzi, wadogo kwa watu wazima, "Wewe katika kisa hiki ungekuwa nani?" hujibu Yusuf. Wazee waliofiwa na watoto wao wakati mwingine husema Yaakub. Sijapata hata mtu mmoja aliyesema, "Mimi ni katika wale kaka zake." Nao walikuwa ni kundi zima, na Yusuf alikuwa mmoja! Kwa hesabu ya kawaida tu, katika kila jamaa iliyokaa kusikiliza, wengi wangekuwa upande wa waliosimama juu ya kisima, na mmoja tu ndiye angekuwa ndani. Lakini sote tunajitia kisimani, sote tunasubiri msafara upite ututoe.

Na tazameni hila ya wale ndugu. Waliporudi kwa baba yao usiku wakilia, na kanzu ina damu ya uongo, walikuja na kisa kilichokwisha kutengenezwa. Katika kisa chao mtendaji ni mbwa mwitu. Wao walikuwa wakishindana mbio tu. Walijitoa wenyewe kabisa katika jambo walilolifanya kwa mikono yao, wakamwachia mnyama ambaye hana ulimi wa kujitetea. Nadhani hakuna hila ya usimulizi iliyo kongwe kuliko hii, na mpaka leo inafanya kazi vizuri sana katika mabaraza ya suluhu.

Sasa twende Iringa. Nilipofika pale nilikuta mji ambao kisa chake kina mwenyewe, na mwenyewe ni Mkwawa. Jina lake limepewa skuli, na siku hizi limepewa chuo kikuu kishiriki pia. Kalenga kuna makumbusho yake na fuvu lake. Watoto wa chuo changu, wengi wao Wahehe, walikuwa wakikijua kisa kabla sijafungua mdomo: Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani lenye bunduki na mizinga linapita katika njia nyembamba, na Wahehe wamejificha kwenye majani na mawe wakiwa na mikuki. Haukupita muda mrefu, na kiongozi wa jeshi lile, Emil von Zelewski, akawa ameuawa pamoja na wengi wa Wazungu wenzake na mamia ya askari wao. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi wakaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa hakushikwa. Aliwakimbiza porini karibu miaka minne, wakatangaza rupia 5000 kwa atakayemleta, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa huko Mlambalasi, akajipiga risasi mwenyewe. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Watoto hupenda kusikia kwamba fuvu hilo limetajwa katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza vita vikuu vya kwanza. Mimi nilikuwa nikiwaongezea jambo ambalo wengi hawalijui: kifungu hicho hicho, cha 246, kinachoidai Ujerumani fuvu la Mkwawa, kinaidai pia msahafu wa Sayyidna Uthman uliosemekana kuchukuliwa na Waturuki Madina na kupewa Kaizari. Msahafu wa Khalifa na fuvu la Mhehe, katika kifungu kimoja! Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining, akakabidhiwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Mimi mwana wa Pangani nilikuwa na mlango wangu wa kuingilia katika kisa hiki, wala sikuuficha. Huyo Zelewski aliyefia Lugalo ndiye aliyekuwa mtu wa Kampuni ya Wadachi kwetu Pangani mwezi Agosti 1888, walipopandisha bendera yao kwa nguvu. Siku zile zile za Idi askari wao wa majini waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa, wakimsaka liwali. Wazee wetu walimwita Nyundo. Vita vya Abushiri vilianzia katika fedheha hiyo, na Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikisimulia Lugalo, watoto wa Iringa walikuwa wamekaa katika kifua cha Mkwawa, na mwalimu wao alikuwa amekaa na watu waliotoka mbio msikitini siku ya Idi. Kisa kimoja, na viti viwili.

Kuna kiti cha tatu. Tom von Prince, yule ambaye watu wa pwani walimpa jina la Bwana Sakarani, ndiye aliyejenga boma la Iringa mwaka 1896 na kuongoza msako wa Mkwawa. Mkewe, Magdalene, aliandika kitabu cha kumbukumbu zake. Kama mnavyotarajia, katika kitabu cha mke mwenye kisa ni mume, na Mkwawa ni mtu aliyejificha msituni anayewazuia watu wema wasilale. Simlaumu mwanamke kwa kuwa na huba na mumewe. Lakini angalieni jinsi mtu yule yule, siku zile zile, anavyogeuka kuwa kizuizi mara tu msimulizi anapobadili mahali pa kukaa.

Mpaka hapo jambo ni jepesi, maana Mjerumani ni mgeni na Mkwawa ni wetu. Nilipohamia Mbeya mwaka 1997 likawa zito.

Jioni moja nilisimulia Lugalo katika chuo cha Mbeya. Watoto wakafurahi, ila kijana mmoja Msangu, wa miaka kumi na miwili hivi, alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Maalim, bibi anasema Mkwawa ndiye aliyetufukuza kwetu." Na ni kweli. Wasangu, chini ya watawala wao walioitwa Merere, walikuwa na nguvu kubwa hapo zamani, na Wahehe wenyewe waliwahi kuonja mikuki yao. Kisha upepo ukageuka. Munyigumba na mwanawe Mkwawa wakawashinda, wakawatoa katika bonde lao la Utengule huko Usangu, wakakimbilia huku milimani karibu na Mbeya. Wajerumani walipokuja, Merere aliona mlango wa kurudi nyumbani, akawa upande wao dhidi ya Mkwawa, na Mkwawa alipodhoofika Wasangu wakarejea bondeni. Sisi katika vitabu tunamtaja Merere kwa nusu ya mstari, kama kibaraka. Bibi yake yule mtoto alimtaja kama mtu aliyewarudisha watu wake kwao.

Kabla sijajibu, mtoto mwingine, Msafwa, akadakia: "Na nyinyi mlipofukuzwa mlikuja kukaa kwetu, mkatutawala!" Darasa zima likaangua kicheko, na yule Msangu akacheka pia, Alhamdulillah. Naye alisema kweli. Wasangu walipokuwa uhamishoni walijenga ngome katika nchi ya Wasafwa na kuwafanya wenyeji kuwa raia zao. Yaani katika nyumba tatu, kwa masafa ya siku chache za mguu, mna visa vitatu; na aliyeonewa katika kimoja ndiye muonevu katika kinachofuata.

Najua baadhi yenu mtasema, "Sheikh, basi hakuna haki? Kila mtu na kisa chake?" La, hasha. Sisemi hivyo, na simpendi anayesema hivyo. Kubadili kiti hakubadilishi kilichotendeka. Zelewski alikwenda na mizinga katika nchi ya watu ambao hawakumwita. Kaa kifuani mwake ukitaka, uone jua la Agosti na uchovu wa njia, na ukitoka bado ni mtu aliyekwenda na mizinga katika nchi ya watu. Mkwawa alipigana na mvamizi mpaka pumzi ya mwisho, na huo ni ushujaa ambao bibi wa Kisangu hawezi kuufuta wala hakujaribu kuufuta. Lakini ushujaa wa Lugalo nao hauwezi kuwafuta waliofukuzwa Utengule. Hukumu ni kazi moja, na kiti ni kazi nyingine. Mwenye kisa amepewa kiti tu. Sisi wasikilizaji ndio tunaofanya haraka kumpa na hukumu pia, tena bila ya mashahidi, kwa kuwa tumemzoea.

Katika waandishi wetu wa pwani, aliyelifahamu hili kwa undani, kwa rai yangu, ni Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mwenye kisa ni Karama, kijana anayeshitakiwa kwa kutaka kufundisha sharia katika nchi isiyotaka kusikia. Maisha yake yako hatarini. Wengine wetu tukipewa nafasi ya kujitetea tungeanza na nafsi zetu: mimi mwema, mimi maskini, mimi nimeonewa. Karama anasimama kizimbani siku baada ya siku na kusimulia habari za watu wengine, wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao kheri, na waliporudi wakatupwa gerezani. Anatumia zamu yake kuwafungulia mlango waliosahauliwa. Na ajabu ni kwamba anapojiweka pembeni ndipo tunapomwona vizuri zaidi. Vijana wanaosoma kitabu hiki kwa ajili ya mtihani huandika kwamba Karama ni "jasiri", wakapata alama zao. Ujasiri upo, lakini mimi ningewapa alama zaidi wale watakaoona ni nani aliowasemea.

Sasa nije majumbani, kama nilivyoahidi.

Miaka michache iliyopita walinijia ndugu wawili hapa Mbeya, watu wa makamo, wafanyabiashara wa mchele sokoni. Baba yao alikuwa amefariki na ameacha nyumba. Mama yao alitangulia zamani. Walikuwa hawasemeshani, na mazishi ya baba yao waliyahudhuria kila mmoja upande wake wa kaburi. Nikawakaribisha barazani, kahawa ikaletwa, nikamwambia mkubwa aanze.

Kisa chake kilikuwa kizuri. Yeye ndiye aliyeacha skuli ili adogo wake asome. Yeye ndiye aliyebeba magunia. Yeye ndiye aliyeezeka nyumba ile bati mpya, na sasa mdogo anataka kuiuza. Alilia kidogo. Nikamgeukia mdogo. Chake nacho kilikuwa kizuri: kaka amekuwa akimtuma kama mtoto miaka ishirini, biashara ilianzishwa kwa mtaji wake yeye, na daftari la duka hajapata kuonyeshwa. Kila mmoja alikuwa Yusuf. Kisima kilikuwa kimoja na wote wawili wamo ndani, na juu hapana mtu.

Nikawaambia, "Wanangu, nimewasikia. Sasa nataka kila mmoja anisimulie tena, lakini aanze na jina la mwenziwe, na aseme mwenziwe alikuwa akitaka nini." Mkubwa akakasirika. Akasema hakuja kucheza. Mdogo akanyamaza sana, kisha akaanza, "Kaka alikuwa anataka..." akakwama. Ilimchukua muda. Mwisho akasema kaka yake alikuwa anataka mzee amwone. Sikusema neno. Mkubwa naye akajaribu zamu yake, vibaya, kwa kukatakata maneno, lakini alijaribu.

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likinikera tangu mwanzo. Nikauliza, "Mzee aliugua muda gani?" Miezi minane. "Nani alikuwa akimwogesha?" Wakatazamana. Wana dada yao, mjane, anayekaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile. Katika visa vyote viwili, pamoja na marudio yake, jina lake halikutajwa hata mara moja. Si kwa ubaya, naamini. Hakuwa anamzuia yeyote na hakuwa akimsaidia yeyote katika ugomvi wao, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kumkalisha.

Nikataka aitwe. Akaja na mtandio wake, akaamkia, akakaa karibu na mlango. Nikamwomba asimulie. Alisema maneno machache tu, na hakuanza na nafsi yake. Alianza hivi: "Baba alipoanza kukohoa, alikuwa hataki mtu ajue." Akaendelea na habari za baba yao: chakula alichokataa, usiku aliokuwa akiita majina ya wanawe wote wawili, hospitali walikokwenda na kurudi. Kuhusu nafsi yake alisema jambo moja tu, tena kwa kuwa nilimuuliza fedha za dawa zilitoka wapi. Aliuza cherehani.

Wale ndugu hawakuijua habari ya cherehani. Walikuwa wakipita mbele ya chumba chake kila walipokuja kumtazama mzee, na hakuna aliyetambua kwamba ile sauti ya mashine haipo tena.

Hesabu ya mirathi yenyewe si ngumu, mtoto wa mwaka wa nne wa chuo huijua: mafungu matano, mawili ya mkubwa, mawili ya mdogo, moja la dada. Alichotumia kwa baba yake alisema ametoa kwa mapenzi, si deni, na hakutaka kiandikwe. Nyumba haikuuzwa mwaka ule. Ndugu wawili wale hawakuwa marafiki wakubwa baada ya hapo, nisiwadanganye, lakini husalimiana na huketi safu moja Ijumaa. Wiki ya pili yake mdogo alipita kwangu na gari ya kukodi, nyuma amefunga cherehani kwa kamba za katani, akaniuliza kama ile aliyouza dada yake ilikuwa ya kukanyaga au ya mkono. Nikamwambia hilo amuulize mwenyewe.